Hasi tisini na tisa

Faili la hali ya hewa linalolisha modeli ya mazao, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa jinsi mmea unavyokua, halina urembo wowote. Ni safu za namba tu: tarehe, nguvu ya jua, joto la juu, joto la chini, mvua. Mstari mmoja kwa siku moja, mistari 365 kwa mwaka. Siku ambayo haikupimwa huandikwa -99. Mwaka juzi nilifungua faili la kituo kimoja cha mvua cha upande wa Kilosa, nikashuka nalo taratibu kuanzia Januari. Nilipofika katikati ya Machi safu ya mvua ikaanza: -99, -99, -99, mpaka mwishoni mwa Aprili. Siku 41. Ule moyo wa masika, ambao mkulima wa huku anaamka kila asubuhi akiutafuta angani, kwenye kompyuta yangu ulikuwa shimo.

Kazi yangu hapa Morogoro ni kuandaa data za modeli za mazao. Nikiulizwa nafanya nini, husema napanda mahindi kwenye kompyuta, na kwa kweli hakuna namna sahihi zaidi ya kulisema. Punje inaingia ardhini tarehe uliyotaja na kwa kina ulichotaja. Kila siku programu inaangalia joto limezidi nyuzi 8 kwa kiasi gani, kwa sababu chini ya hapo mahindi hayasogei, halafu inajumlisha. Jumla ikifika kiwango fulani mmea unachomoza, ikifika kingine unaacha kutoa majani mapya na kutayarisha mbelewele. Mvua ikinyesha, sehemu inatiririka juu, sehemu inazama tabaka kwa tabaka, nyingine inapita mizizi na kupotea. Mizizi inafyonza kilichobaki. Maji yakipungua jani nalo linapunguza kazi, na likipunguza kazi katika zile siku chache mahindi yanapotoa nywele, punje zinakuwa haba na hakuna mvua ya baadaye itakayozirudisha. Mkulima yeyote anajua hilo la mwisho. Modeli inachoongeza ni kwamba inaweza kuupitisha msimu huohuo kwenye mvua za miaka 30 kwa dakika chache, ukaona mara ngapi uamuzi wako ungekulipa na mara ngapi ungekuumiza.

Sasa, programu haiwezi kupanda mahindi kwenye -99. Lazima ujaze. Njia ya haraka ni kuazima mvua ya kituo cha jirani, nami ndivyo nilivyofanya. Jirani yupo kilomita zaidi ya 30 na milima katikati. Nikajaza, nikaendesha, mahindi yakatoka mazuri. Yalikuwa mazuri mno. Msimu ule niliupita kwa macho yangu, nikiwa ndani ya basi kwenda Dodoma, nikaona mashamba ya pande zile yamesinyaa na mbelewele zimekauka zikiwa nyeupe. Nikajua nimeandika uongo, ingawa kila namba niliyoiweka ilikuwa imepimwa na mtu mwaminifu mahali fulani.

Kabla sijaeleza nilikwenda kumtafuta nani, ngoja nisimulie hii -99 ilitoka wapi, maana nyuma yake kuna watu wa mataifa mengi.

Wazo la kukokotoa shamba lilianza kupata sura Uholanzi miaka ya 1960, kwa Cornelis de Wit wa Wageningen, aliyekuwa akihesabu jinsi majani ya shamba zima yanavyonasa mwanga. Marekani, kule Temple katika jimbo la Texas, kundi la Joe Ritchie lilijenga modeli za familia ya CERES, ya ngano na ya mahindi. Ile ya mahindi ilichapishwa mwaka 1986. Lakini modeli iliyokulia Texas ni ya Texas mpaka ijaribiwe kwingine. Wakati huohuo Hawaii alikuwapo mtaalamu wa udongo, Goro Uehara, aliyesumbuliwa na swali ambalo hata leo linatusumbua: je, kila nchi maskini irudie kila jaribio katika kila bonde? Jaribio moja la mbolea linakula misimu kadhaa, na mabonde hayahesabiki. Kama tungejua udongo na hali ya hewa ya hapa na pale, je, jibu la pale lingeweza kusafirishwa hadi hapa? Kutokana na swali hilo ukazaliwa mtandao wa watafiti ulioitwa IBSNAT, mwaka 1982, ukiendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Hawaii kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Marekani.

Machi 1983 walikutana Patancheru, India, kwenye makao ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, kujadili jambo linaloonekana dogo sana: katika kila jaribio, popote duniani, ni vitu gani visikose kuandikwa? Hali ya hewa ya kila siku. Udongo unashika maji kiasi gani katika kila tabaka. Tarehe ya kupanda, mimea mingapi kwa mita ya mraba, mbolea gani, kiasi gani na lini. Siku ambayo nusu ya mimea ilitoa nywele. Uzito wa mwisho. Mwaka 1989 likatoka toleo la kwanza la DSSAT, mkusanyiko wa modeli zinazosoma data zilizopangwa kwa mtindo mmoja, na leo mtu yeyote anaweza kuipakua bure.

Mimi nikiulizwa ni jambo gani kubwa zaidi lililotoka katika ushirikiano huu wa miaka 40, sitataja modeli yoyote. Nitataja makubaliano ya nini kiandikwe. Milinganyo hubadilika, na mingi ya miaka ile imesharekebishwa mara kadhaa. Ila kwa sababu ya makubaliano yale, daftari la jaribio la Kenya linaweza kusomwa Florida bila kumpigia mtu simu, na la Brazil likasomwa Morogoro. Nayaona makubaliano hayo kuwa ni jambo la heshima. Hata -99 yenyewe ni heshima, kwani inasema, "Hapa hatukupima." Ingekuwa rahisi kuandika 0, na uvivu huo nimeukuta kwenye mafaili mengi. Lakini 0 kwenye mvua maana yake ni jua kali, ardhi kavu na mmea wenye kiu. Anayeandika sifuri mahali asipopima ameleta ukame ambao haukuwapo.

Na kuna sehemu ya historia hii iliyotokea karibu na kwetu ambayo haisimuliwi vya kutosha.

Katumani iko nje kidogo ya mji wa Machakos, Ukambani. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wenyeji wanaiamini kuliko ya Machi hadi Mei. Jina la Katumani hata Tanzania tunalijua kwa yale mahindi ya muda mfupi, yaliyotokea kwenye kituo cha utafiti cha pale ili yakomae kabla mvua haijakatika. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, walifanya kazi pale na Waaustralia wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali yao, kwa fedha za ACIAR, shirika la Australia linalogharimia utafiti wa kilimo nje ya nchi. Walikuwamo Bob McCown na Brian Keating. Walikuwamo Wakenya kama B. M. Wafula, ambaye baadaye, mwaka 1995, alichapisha makala juu ya kuzitumia modeli hizi katika ugani na utafiti wa nchini mwake.

Walichukua ile modeli ya mahindi ya Texas wakaipanda Katumani. Ikateleza kwenye ukame mkali, ikateleza kwenye udongo uliochoka. Hawakuitupa, na wala hawakuwaambia Wakamba kwamba mashamba yao ndiyo yamekosea. Walipima, wakairekebisha, wakapima tena, mpaka ikaanza kufanana na mahindi waliyoyaona. Ndipo wakaiuliza swali kwa kutumia mvua za miongo ya nyuma. Kila mtu alijua tatizo la Ukambani ni maji. Majibu yakaonyesha kwamba katika misimu mingi kilichopungua kwanza ni nitrojeni: mvua ilinyesha, na mmea haukuwa na chakula cha kuitumia mvua ile. Mkulima alikuwa hanunui mbolea kwa kuogopa ukame, jambo la busara kabisa kwa mtu mwenye mfuko mdogo, na kwa kutonunua alipoteza hata ile misimu mizuri. Mara nilipoelewa hilo, nilimkumbuka marehemu bibi yangu na shamba lake la Gairo, na kile alichokuwa akisema kila mwaka, kwamba mvua imekuja lakini mahindi "hayana nguvu ya kuipokea". Bibi hakuwa na modeli, ila alikuwa sahihi.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. McCown na Keating walirudi kwao wakiwa na waliyojifunza Machakos, na mwaka 1991 wakawa miongoni mwa waliounda kikundi cha Toowoomba, Queensland, kilichojenga modeli ya APSIM. Modeli hiyo leo ndiyo iliyo nyuma ya huduma ya Yield Prophet, inayowasaidia wakulima wa nafaka wa Australia kuamua waongeze mbolea au wasubiri. Kwa hiyo kuna mkulima wa ngano mwenye matrekta makubwa kule kusini mwa dunia ambaye uamuzi wake wa leo una deni kwenye vishamba vya Ukambani. Elimu imezoeleka kuelezwa kama kitu kinachotoka kwao kuja kwetu. Hapa ilikwenda na kurudi.

Ilirudi kwa kupitia Zimbabwe. Watafiti wa ICRISAT waliitumia APSIM kupima hesabu ya mbolea kidogo kwenye maeneo makavu, wakapata kwamba kiasi cha kilo 17 tu za nitrojeni kwa hekta kingeweza kulipa. Kuanzia msimu wa 2003 wakaijaribu hesabu hiyo kwenye mashamba ya wakulima wengi sana, na mavuno yakapanda kwa asilimia 30 hadi 50. Mkulima hakuhitaji kompyuta hata kidogo. Alihitaji kizibo cha chupa cha kupimia mbolea kwenye mashina yake.

Basi nikaenda kumtafuta mtunza kituo.

Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, makusudi, kwa sababu mvua hupimwa saa tatu. Kipima mvua kilikuwa kimesimama nyuma ya nyumba yake, ndani ya ua wa miti iliyokatwa juzijuzi, majani yamefyekwa vizuri kukizunguka. Mzee mwenyewe alikuwa anafagia hapohapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuona mvua?"

Nikamweleza kuhusu siku 41. Hakukasirika wala hakujitetea. Alisema ile silinda ya kioo ya kupimia ilivunjika, mjukuu aliiangusha. Alitoa taarifa ofisini, akaambiwa nyingine itakuja. Akauliza tena, akaambiwa hivyohivyo. Fomu ya mwezi haikubali kipimo kisichotoka kwenye silinda, kwa hiyo aliiacha wazi kama alivyofundishwa. Halafu akaingia ndani akatoka na daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi, kile chenye mistari ya 5, 10 na 15.

Alikuwa amepima. Kila siku, saa tatu asubuhi, kwa siku zote 41, alimimina maji ya kwenye chombo ndani ya kikombe kile na kuhesabu. Mvua ikiwa kubwa alianza na chupa ya maji ya nusu lita. Mstari mmoja ulisomeka: "Chupa 1, vikombe 17." Siku nyingine: "Vikombe 3 na mstari wa kwanza." Na siku ambazo hakukuwa na kitu aliandika "Hakuna" kwa wino, kila siku peke yake, akapiga mstari chini.

Nilikaa kwenye kigoda nikatoa rula. Mdomo wa kipima mvua ulikuwa na upana wa sentimita 12.7, kipimo cha kawaida kwetu. Eneo lake linakuja karibu sentimita za mraba 127, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua ni mililita 12.7 hivi ndani ya chombo. Chupa 1 na vikombe 17 ni mililita 755. Gawanya: milimita 59 na nusu kwa usiku mmoja. Mzee alikuwa anafuatilia kalamu yangu. Nilipomwonyesha jibu alitikisa kichwa taratibu, akasema usiku ule daraja la miti lilikwenda na maji.

Kuanzia tarehe 2 Aprili daftari lake lilisema "Hakuna" siku 19 mfululizo. Kituo cha jirani, kule ng'ambo ya milima, kilikuwa kinapata mvua siku hizo. Jioni ile nilifuta kila namba niliyoazima nikaandika zake, nikaendesha upya. Mahindi ya kwenye kompyuta yalitoa nywele katikati ya zile siku 19, na mavuno yakaanguka karibu nusu. Yakafanana na yale niliyoyaona dirishani mwa basi.

Tangu siku hiyo naisoma kwa jicho jingine kazi moja niliyokuwa najivunia siku zote. Mwaka 2010 ulianzishwa mradi wa kimataifa uitwao AgMIP, chini ya Cynthia Rosenzweig, Jim Jones na Jerry Hatfield, wa kuzilinganisha modeli za mazao: timu mbalimbali zinapewa data zilezile, kila moja inaendesha modeli yake, kisha majibu yanawekwa mezani. Kwa mahindi zilikusanywa modeli 23, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Maeneo yaliyotumika yalikuwa manne tu kwa dunia nzima: Lusignan ya Ufaransa, Ames ya Marekani, Rio Verde ya Brazil, na Morogoro. Morogoro yetu. Modeli mojamoja zilitofautiana sana juu ya mavuno, ila zikichukuliwa kadhaa kwa pamoja zilikaribia ukweli hata pale data zilipokuwa chache. Na zilielekea upande mmoja katika jambo zito: kila joto linapoongezeka nyuzi 1, mavuno yanashuka kwa karibu nusu tani kwa hekta. Hiyo ni gunia mbili kwa ekari. Kwa nyumba ya watu sita ni miezi ya chakula.

Najivunia bado. Lakini nikiliona neno Morogoro kwenye karatasi ile sasa namwona mtu aliyeinama asubuhi kusoma chombo, kijana aliyekausha mahindi kwenye tanuri na kuyapima mpaka uzito ukaacha kubadilika, na yule aliyechimba shimo la udongo juani. Timu 23 za wataalamu zilisimama juu ya kazi ya watu hao. Fedha za ushirikiano huu huja kwa miaka mitatu au mitano, zinalipa tiketi, semina na kompyuta, kisha zinaisha. Mvua haina awamu ya mradi. Silinda ya kupimia ni kitu kidogo kuliko chai ya semina ya siku moja, na hilo nalisema kwa uchungu. Kama kuna mtu anayepanga bajeti za kazi hizi anasoma hapa, namwomba aanze na kipima mvua na posho ya anayekisoma, halafu ndipo aje kwenye programu.

Modeli zenyewe nazo zina upofu wao. Shamba la mahindi na kunde na maboga kwa pamoja, kama tunavyolima, nyingi haziliwezi vizuri. Viwavijeshi vamizi, vilivyoingia Tanzania mwaka 2017, kwa kawaida havimo. Mtu anayekuambia modeli inajua yote, usimwachie shamba lako.

Nilirudi kwa mzee mwezi uliopita nikiwa na silinda mpya. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiosha, akaiweka juu ya kabati mbali na wajukuu. Kisha akaniuliza kama ile mashine inajua kurudishia. Mvua ikikatika na mbegu ikafa, alisema, watu wanarudishia. Sasa yeye anataka kujua: ikifika wiki ya tatu ya Machi, arudishie mahindi au aweke mtama? Nimefanya kazi hii miaka tisa, nimehudhuria mikutano na wageni wa nchi nyingi, na sikumbuki mtu aliyewahi kuiuliza modeli swali hilo kwa eneo lile.

Nilikuwa na kompyuta mgongoni. Tukakaa kivulini nikaendesha, msimu kwa msimu, kwa mvua alizozipima mwenyewe. Kwa tarehe aliyoitaja, mtama ulistahimili miaka mingi zaidi ya mahindi. Nikamweleza. Alinyamaza, halafu akauliza udongo niliotumia umetoka wapi. Nikamwonyesha kilimani, lilipokuwa shimo la watafiti wa zamani.

"Mimi silimi kule," akasema. "Twende bondeni."

Nilibeba bomba la kuchimbia, yeye akabeba mfuko. Sentimita 20 za kwanza zilitoka kavu, zikapukutika. Kwenye 40 rangi ikawa nyeusi. Kwenye 60 udongo ulinata kwenye vidole vyake, akaufinyanga kikawa kidonge, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Hii nayo iandike," akasema.

Nikatoa daftari.